Gari Lililomkonyeza Bun-rye

Tak Man-sik alikuwa na desturi moja iliyowaudhi wateja wenye haraka. Gari likiletwa karakanani kwake na ugonjwa wa umeme, hakufungua boneti. Aliingia ndani, akafunga mlango, akafumba macho, akakaa. Wenye gari walimwona kupitia kioo, kidevu kifuani na mikono mapajani, wakajua wamempelekea gari mtu mwenye usingizi. Ma Sun-deok, mama tambi, mpishi wa duka la tambi lililopakana ukuta kwa ukuta na karakana, ndiye aliyekuwa akiwatuliza. Aliwaambia wamwache, akiamka atawaeleza gari limeota nini.

Kumbe halali. Anasikiliza. Gari lililozimwa halinyamazi lote mara moja. Kuna rilei, swichi ndogo ya umeme, inayobonyea kwa kuchelewa, kuna kitu kinachovuma kidogo nyuma ya redio, kuna ukimya unaokuja pale usipotakiwa. Desturi hiyo aliitoa chini ya ardhi. Kabla migodi ya makaa ya milimani haijafungwa mmoja baada ya mwingine, Man-sik alikuwa mtunza taa. Kila mchimbaji aliingia na taa yake ya kichwani, akitoka aliitundika kwenye ndoano yake ichajiwe. Zamu ikiisha na ndoano ikabaki tupu, mtunza taa ndiye aliyejua wa kwanza, kabla ya msimamizi, kabla ya mke. Basi alisimama kwenye mdomo wa handaki akilitazama giza. Ukisimama hivyo miaka mingi, giza linaacha kukutisha, mnazoeana. Nami nasema waliomcheka kwa kufumba macho hawakuwahi kumngoja mtu.

Yeom Seok-gu alikuwa mmoja wa wachimbaji hao, mkubwa wa Man-sik kwa umri na kwa mdomo, naye Man-sik akimwita kaka ingawa hawakuwa ndugu wa damu. Siku paa la handaki liliposhuka, ndoano yake ilikuwa tupu, na Man-sik alisimama pale mpaka miguu ikamfa ganzi. Ndipo kule ndani kabisa, katika vumbi, taa ikawaka ikazimika, ikawaka ikazimika. Mara mbili. Kwa wachimbaji hilo lilikuwa neno moja tu: nipo. Seok-gu alitoka akichechemea, akamuuliza Man-sik ni nani aliyekula chakula chake.

Mgodi ulipofungwa, Seok-gu alipanda pilipili na kabichi upande wa pili wa mlima wa Neutjae, na Man-sik akafungua karakana mjini Jeongseon. Ile alama ya taa Seok-gu hakuiacha mgodini. Akirudi kutoka shamba jioni, aliimulika nyumba kwa tochi mara mbili akiwa bado mbali, na mkewe, Seol Bun-rye, akabandika mchuzi. Kwa ndoa yao yote hilo ndilo neno la mapenzi alilowahi kulisema, kama lilikuwa neno. Yaliyobaki yalikuwa dhihaka. Bun-rye alipoamua uzeeni kujifunza gari ili apeleke chapati zake za maji gulioni, Seok-gu alikwenda kila mtihani kumtazama akifeli, akarudi akiwasimulia majirani. Alipofaulu na gari dogo jeupe likanunuliwa, Bun-rye alifanya kama inavyopasa: akatandika meza mbele ya gari, akamwagia magurudumu pombe ya mchele, akainama, akamfunga samaki mkavu kwa uzi mweupe na kumlaza juu ya dashibodi alinde safari. Seok-gu alisimama kando akivuta sigara. Aliuliza kama huyo samaki ana leseni.

Seok-gu alifariki mwaka uliofuata, majira ya kuchipua majani. Walimzika mlimani, juu kidogo ya kona ya mwisho ya Neutjae, uso kuelekea mjini. Siku isiyo na ukungu, ukisimama mlangoni kwa Man-sik, unakiona kile kichuguu cha kaburi, kijani, kama mgongo wa mtu aliyelala.

Kisha zikaja mvua za kiangazi, ambazo huko ndizo masika, zile zisizojua kukata. Katikati ya mvua hizo, adhuhuri moja, gari jeupe liliingia karakanani na Bun-rye akashuka akijipangusa uso kwa aproni. Samaki alikuwa bado juu ya dashibodi, amekodoa macho.

Bun-rye alisema taa kubwa zinamzimikia. Alilisema kama mtu anayeeleza kikohozi cha mtoto. Alikuwa akipanda Neutjae alfajiri ya siku ya gulio, ukungu umejaa, akafika kona ile ya mwisho na taa zikakata. Akakanyaga breki. Aliposhuka na mwanga wa simu, aliona gurudumu la mbele limesimama ukingoni mwa genge, na mbele ya gurudumu hakuna kitu. Zilipowaka tena aliendelea na safari, akauza chapati zake zote. Hapo Bun-rye alicheka. Man-sik hakucheka.

"Tengeneza taa kubwa, shemeji," Bun-rye akasema. "Hayo mengine usiyaguse."

"Mengine yapi?"

Bun-rye aligeukia mlango. Alitazama mvua. Kisha akamweleza kwa sauti ya chini kwamba tangu mvua zianze, jioni akitoka kufunika vyungu vyake vya kuchachushia maharage uani, gari linamsalimu. Ufunguo uko ndani ya nyumba, hakuna mtu, lakini milango inafyatuka loki, taa za pembeni zinakonyeza mara mbili, na ile taa ndogo ya ndani inawaka taratibu kama mtu anayefumbua macho. Siku ya kwanza alidondosha mfuniko. Siku za mbele akaanza kulijibu. Alikuwa akiliambia, umechelewa, kisha akaingia kubandika mchuzi.

"Najua unachofikiri, kwa hiyo usiniambie," alisema. "Mimi sijachanganyikiwa. Nawajua watu wangu. We tengeneza taa kubwa tu."

Man-sik alimpeleka akakae kwa Sun-deok mbele ya bakuli la tambi, naye akaingia ndani ya gari, akafunga mlango, akafumba macho.

Mvua ilipiga bati la gari kwa mapigo yasiyo na mwanzo wala mwisho. Kulikuwa na harufu ya unga, ya pilipili kavu, ya sigara ya zamani iliyoganda kwenye kitambaa, na chini ya hizo zote harufu nyingine asiyoweza kuitaja, harufu ya pwani, hapa milimani. Aliifuata harufu hiyo kama mtu anayeteremka ngazi. Alijiona tena kwenye mdomo wa handaki, upepo wa baridi ukitoka ndani, ndoano nyuma yake zikigongana polepole. Akangoja. Hakujua amengoja kiasi gani. Loki zikafyatuka, na alipofumbua macho ukuta wote wa karakana, wenye maji yanayochuruzika, uling'aa njano ukazimika, ukang'aa ukazimika.

"Kaka?" akasema, kabla hajaweza kujizuia.

Hakuna aliyejibu. Taa ya ndani ilikuwa ikiwaka taratibu juu ya kichwa chake. Akashuka. Basi akafanya anachofanya kila mtu mwenye hofu na kazi: akashika kazi.

Alianza na betri, maana umeme ukiwa dhaifu kila kitu garini kinaonekana kigonjwa. Betri ilikuwa nzima. Akakagua fyuzi, akakagua waya za athi, zile za kurudishia umeme, pale zinapofungwa kwenye bodi, akabadilisha rilei ya taa kubwa kwa nyingine. Hali ile ile. Akauchukua ufunguo, usije kuwa ndio unaojibonyeza wenyewe kwa ugonjwa wake, akampelekea Sun-deok, naye akautia ndani ya sufuria tupu ya chuma na kuufunika ili mawimbi yake yasilifikie gari, akiuliza uive kiasi gani. Gari likaendelea kukonyeza. Ndipo akaunganisha mashine ya kusoma gari. Waipa zilikuwa zikipita kwenye kioo polepole, zikipunga, na mashine ikamwonyesha kwamba swichi ya waipa imezimwa, hakuna aliyeomba kitu. Kuhusu milango ilidai mtu ameomba ifunguliwe.

Yote hayo yalielekeza kidole mahali pamoja, kwenye kontroli boksi ya bodi. Ni kisanduku kidogo cheusi, kimejificha chini ya dashibodi upande wa dereva, na ndicho kinachopokea maombi yote na kutoa amri zote: taa, loki, waipa, honi. Hata hivyo Man-sik hakukihukumu upesi. Fundi mvivu hubadilisha boksi halafu akagundua ilikuwa njaa tu, umeme haukifikii. Akapima kwenye soketi zake: umeme unafika, athi iko sawa. Kinalishwa vizuri, na bado kinaweweseka.

Akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akaenda kwa mama tambi na kukaa mbele ya Bun-rye. Akamweleza. Taa kubwa na yale mengine si magonjwa mawili. Ni boksi moja. Likiondolewa, taa zitakaa sawa, na gari halitamsalimu tena.

Bun-rye alikoroga tambi zilizokwisha kupoa.

"Basi liache. Nitaendesha mchana."

Sun-deok, ambaye hajawahi kuombwa maoni na hajawahi kunyima, alisema gulio halimngojei mtu wa mchana, na ukungu wa Neutjae hautazami saa. Bun-rye akasema bura yangu sibadili na rehani. Sun-deok akataka kujibu, akamtazama usoni, akaenda kuchochea jiko lisilohitaji kuchochewa.

Man-sik hakuwa mtu wa maneno. Maneno ya ujana wake wote aliyasema Seok-gu kwa niaba yake. Alimwonea Bun-rye huruma, maana naye muda mfupi kabla alimwita mtu yule yule ndani ya gari lile lile, na kama angeambiwa achague, asingejua.

"Shemeji," akasema mwisho. "Mimi nilishasimama gizani nikingoja taa ya mtu wa nyumba yako. Nilisimama mara moja, nikajaliwa. Sitaki kusimama tena nikingoja ya kwako."

Bun-rye aliweka vijiti vyake vya kulia chini, kimoja kando ya kingine.

"Litoe," akasema. "Lakini nitakuwepo."

Akavuta kigoda akaketi kando ya mlango wa gari, mikono ndani ya aproni, kama wanavyoketi watu kando ya mgonjwa. Man-sik alitoa waya wa betri, akalala chali sakafuni mwa gari, kichwa chini ya usukani na miguu nje, akafungua kifuniko cha plastiki na kumulika tochi.

Alichokiona hakukielewa mara moja. Kontroli boksi ilikuwa imeota ukoko mweupe mgongoni, na soketi zake zilikuwa na kutu ya kijani iliyotambaa mpaka kwenye waya. Maji yalikuwa yamechuruzika humo, tone kwa tone. Lakini kioo cha mbele hakikuvuja, wala mpira wa mlango. Akapandisha tochi. Juu ya boksi, kwenye upenyo kati ya mabomba, palikuwa na kifurushi cha kitambaa kimefungwa kwa kamba ya bluu, ile ya kufungia miti ya pilipili, na kilikuwa kimelowa. Alikigusa kwa kidole, akaonja. Ile harufu ya pwani ikapata jina.

Akatoa boksi kwanza, akalifungua mezani ili asije kusema uongo. Njia za umeme zilikuwa zimelika. Lilikuwa limefika pale la kuvunda halina ubani. Ndipo akamletea Bun-rye kifurushi juu ya kiganja.

Bun-rye alikifungua mwenyewe. Fundo lilimsumbua. Ndani mlikuwa na chumvi ya mawe, ile ya kuchachushia kabichi ya kimchi, imegandana, na punje za maharage mekundu, kinga ya mabaya kama wazee wanavyoiweka kizingitini. Lakini macho yake hayakuwa kwenye chumvi. Alikuwa amekikunjua kitambaa na kukinyoosha gotini, na kilikuwa na mshono wa shingo.

"Fulana yake," akasema.

Man-sik hakuelewa. Akaelezwa. Juma lile yeye Bun-rye alipopata leseni, fulana ya Seok-gu ilitoweka kwenye kamba, mpya, na Bun-rye akamwandama siku nzima kwamba ameifanya tambara la kufutia bomba la dawa ya shamba. Seok-gu aliapa kwamba imechukuliwa na upepo. Akamwonyesha na upande upepo ulikoelekea.

"Mwongo mkubwa," Bun-rye alisema, na machozi yakaanza kumtoka bila uso wake kubadilika. "Alimcheka samaki wangu. Mbele za watu."

Kumbe mtu yule aliyesimama kando akivuta sigara alikuwa anaogopa. Aliogopa mlima, aliogopa ukungu, alimwogopea mke aliyefeli mtihani mara nyingi mbele ya macho yake. Na kwa kuwa alikwisha kucheka, hakuwa na mahali pa kuiweka hofu yake ila gizani, chini ya dashibodi, ambako hakuna atakayemwona. Mchimbaji hujua kuficha kitu ndani. Kiangazi cha kwanza hakikuwa na mvua ya maana. Mvua za mwaka huu zilipoanza, chumvi ikanywa unyevu wa hewa kama ilivyo ada yake, ikashiba, ikaanza kudondoka. Maji ya chumvi yakaingia kwenye boksi na kulidanganya. Boksi likadhani mtu anaomba mlango, likafungua, na kila gari la namna ile likifungua loki hukonyeza mara mbili. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliosema, na hapa nguo yenyewe ilikuwa fulana.

Hayo ya boksi Man-sik alimweleza pole pole, akionyesha kwa kidole. Kisha akaona hajasema lililo kubwa.

"Ulisema kweli, shemeji. Ilikuwa ni yeye."

Bun-rye aliigusa ile chumvi.

"Na ile kona? Zilipozimika pale?"

Man-sik alitamani kumdanganya. "Pale pia," akasema.

Alidhani ataangua kilio. Bun-rye akacheka, kicheko cha kweli, mpaka Sun-deok akachungulia. "Ndivyo alivyokuwa," alisema akijifuta. "Akija kunisaidia jikoni, lazima chungu kipasuke."

Boksi jipya lilifika kesho yake kwa basi la mchana kutoka Wonju, ndani ya katoni, limekaa kwenye buti kati ya mizigo ya watu. Man-sik alikata waya zilizolika akaziunga upya, akasafisha, akapachika. Boksi jipya halijui limo ndani ya gari gani, kwa hiyo aliliunganisha na mashine akalitambulisha: gari hili ni la namna hii, taa zake hizi, funguo zake hizi. Lilikubali moja moja. Waipa zikatulia. Loki zikangoja kuombwa. Aliwasha taa kubwa akaziacha zikimulika ukuta mpaka alipokwisha kunywa chai, na hazikupepesa.

Katika kulifundisha boksi alikuta sehemu ya kuchagua muda: dereva akishuka na kufunga mlango, taa ziendelee kuwaka kidogo zimsindikize mpaka afike nyumbani, au zizimike papo hapo. Man-sik aliukodolea macho mstari ule. Wazo likamjia, akalipenda mno. Bun-rye alipofika jioni kuchukua gari lake, akampa habari hiyo akiona haya kidogo, kama mvulana aliyeleta zawadi. Alisema anaweza kuuweka muda ule mrefu kabisa. Akishuka uani, taa zitamngoja mpaka afungue mlango wa nyumba.

Bun-rye alifikiri.

"Seok-gu alikuwa akitembea mbele yangu njia nzima," alisema. "Hata kwenye kituo cha basi hakuningojea, basi likija anapanda. Zima, shemeji. Tusimsingizie."

Man-sik akabonyeza, zikazimika papo hapo.

Bun-rye aliuliza kama kifurushi kinaweza kurudi garini. Man-sik akasema popote, isipokuwa pale. Akakitia mfukoni mwa aproni, juu ya mfuko akapiga piga kwa kiganja, akaingia garini. Alimnyoosha yule samaki mkavu aelekee barabara, akawasha gari, akaondoka bila kuaga, kama desturi ya nyumba ile.

Mvua ilikuwa imekata mchana, na jioni ilikuwa ya rangi ya maji ya mchele. Man-sik alisimama mlangoni, Sun-deok akatoka na kitambaa chake cha mezani begani akasimama naye. Waliona taa za gari zikiingia mlimani. Zilipotea nyuma ya misonobari, zikatokea juu zaidi, zikapotea tena. Ukungu ulikuwa umeanza kuteremka, na taa zilipita ndani yake bila kutetereka, kona baada ya kona, ndogo na ndogo zaidi, mpaka zikafika ile ya mwisho, chini ya kaburi. Hapo zikasimama.

Kisha zikazimika.

Man-sik alishika kizingiti. Miguu yake ilimkumbusha jambo, ganzi ile ya zamani ilipanda kutoka visiginoni, na giza la mlima likawa ndilo giza lile. Sun-deok akakivuta kitambaa begani, akakikunja kunja mkononi.

Taa zikawaka, zikazimika. Zikawaka, zikazimika. Halafu zikawaka zikabaki, na gari likaanza tena kwenda.

"We Man-sik," Sun-deok alisema. "Umetengeneza au hukutengeneza?"

"Nimetengeneza," alisema Man-sik. "Huo ni mkono wa shemeji mwenyewe."

Akabaki mlangoni mpaka taa zilipovuka mlima na kuteremkia upande wa pili, nyumbani.